Radiohead: Miaka Arobaini, Watu Wale Wale, Sauti Isiyotulia

Walioingia madukani tarehe 2 Oktoba 2000 kununua albamu mpya ya Radiohead walitarajia magitaa. Miaka mitatu kabla, OK Computer ilikuwa imewafanya vijana hao wa Oxford watajwe kila mahali kuwa bendi kubwa ya roki ya kizazi chao, na wengi waliamini wataendelea pale pale walipoishia. Wimbo wa kwanza ukafunguka kwa kinanda cha umeme na sauti ya mwimbaji iliyokatwakatwa kwa kompyuta mpaka maneno yakageuka mlio. Hakukuwa na wimbo uliotolewa peke yake kabla ya albamu, wala video ya kawaida ya kuinadi kazi hiyo. Hata hivyo, Kid A iliingia kwenye chati ya albamu ya Marekani moja kwa moja katika nafasi ya kwanza. OK Computer, pamoja na sifa zake zote, ilikuwa imeishia nafasi ya 21.

Kisa hicho ni kimoja tu kati ya vingi. Kila mara Radiohead walipofanikiwa kwa njia fulani, waliiacha na kutafuta nyingine, na kila mara walioihama ni wale wale watano: mwimbaji Thom Yorke, wapiga gitaa Jonny Greenwood na Ed O'Brien, mpiga besi Colin Greenwood ambaye ni kaka yake Jonny, na mpiga dramu Philip Selway. Tangu walipokuwa wanafunzi mwaka 1985 hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyejitoa, hakuna aliyeletwa kuziba pengo. Bendi nyingi hubadilisha watu ili zilinde sauti iliyozipa jina. Hawa waliwalinda watu, na sauti wakaiacha iende.

Chumba cha muziki cha Abingdon

Abingdon School ni shule ya kulipia ya kusini mwa Oxford, na wakati huo ilikuwa ya wavulana. Katikati ya miaka ya 1980, Yorke na wenzake walikuwa wakikutana katika chumba cha muziki cha shule kila Ijumaa, na ndiyo maana bendi yao ikaitwa On a Friday. Jonny alikuwa mdogo kuliko wote, nyuma ya wenzake kwa madarasa kadhaa. Aliwafuata kwa sababu kaka yake alikuwamo, akaanza kwa kupuliza harmonika, akahamia kwenye kinanda, na mwishowe akashika gitaa. Nje ya bendi alikuwa akipiga viola katika okestra ya vijana. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba viola hiyo ingekuja kuwa na uzito kuliko gitaa katika baadhi ya kazi zao bora.

Yorke alizaliwa mwaka 1968 jicho lake la kushoto likiwa limefumba, akafanyiwa upasuaji mara tano kabla ya kutimiza miaka sita. Shuleni alitaniwa kwa ajili ya jicho hilo, na chumba cha muziki kikawa kimbilio lake. Hapo pia ndipo walimu waliwafungulia wavulana hawa milango ya jazi, ya muziki wa filamu na ya watunzi wa Ulaya wa karne ya 20, mambo ambayo bendi ya vijana wa gitaa isingekutana nayo kwa urahisi.

Mwaka 1987 wakaanza kutawanyika vyuoni. Yorke alikwenda Exeter kusoma Kiingereza na sanaa, Colin akaenda Cambridge, O'Brien Manchester, Selway Liverpool. Bendi haikufa. Walirudi kukutana wakati wa likizo na mwisho wa wiki, kwa miaka karibu minne. Huko Exeter Yorke alikutana na mwanafunzi mwenzake wa sanaa, Stanley Donwood, ambaye tangu mwaka 1994 ndiye amekuwa akichora na kubuni majalada ya Radiohead kwa kushirikiana naye.

Mwaka 1991 walikuwa wamerudi Oxford na kuanza kupiga kwenye kumbi ndogo kama Jericho Tavern. Chris Hufford na Bryce Edge, waliokuwa na studio ya Courtyard, waliwasikia wakawa mameneja wao, na wamebaki nao tangu hapo. Colin alikuwa akifanya kazi katika duka la santuri, na kupitia duka hilo akafahamiana na Keith Wozencroft wa EMI. Desemba 1991 bendi ikasaini mkataba wa albamu sita. Kampuni haikulipenda jina la On a Friday. Vijana wakachukua jina la wimbo mmoja wa bendi ya Marekani ya Talking Heads wa mwaka 1986, na mwaka 1992 Radiohead wakatoa kazi yao ya kwanza.

Wimbo mmoja uliotaka kuwameza

Watayarishaji wa Marekani Sean Slade na Paul Kolderie walikuwa wakifanya kazi na bendi mwaka 1992 walipowasikia wakipiga wimbo wa taratibu wa kujidharau uitwao "Creep". Kwa jinsi Yorke alivyoutambulisha kwa mzaha, walidhani ni wimbo wa mtu mwingine. Siku nyingine, kazi ya nyimbo zilizopangwa ilipokwama, wakawaomba waupige tena huku mashine zikirekodi. Wakaupiga mara moja, na uliorekodiwa hapo ndio uliotoka. Jonny aliuona mpole kupita kiasi, na kila kiitikio kilipokaribia aliichapa gitaa yake kwa nguvu kana kwamba anataka kuuvunja. Michapo hiyo ndiyo iliyoufanya ukumbukwe.

Ulipotoka Septemba 1992, BBC Radio 1 iliuona wa huzuni mno, na Uingereza ikaupuuza. Bahati ilitoka mbali. Nchini Israel mtangazaji Yoav Kutner aliupiga mara kwa mara kwenye redio ya jeshi mpaka ukawa kibao nchini humo. Kisha kituo cha Live 105 cha San Francisco kikaudaka, na redio nyingine za Marekani zikafuata. Wakati huo dunia ya roki mbadala ilikuwa imetikiswa na Nirvana, na kijana anayeimba kwamba hafai alikuwa na wasikilizaji tayari. Septemba 1993 EMI iliutoa tena Uingereza, na safari hii ukafika nafasi ya 7.

Albamu ya kwanza, Pablo Honey ya Februari 1993, ilibebwa na wimbo huo huo. Bendi ikazunguka kwa zaidi ya mwaka ikipiga nyimbo zile zile mbele ya watu ambao wengi walikuja kusikia mmoja tu, kisha wakaondoka. Magazeti yakaanza kuwahesabu miongoni mwa bendi za wimbo mmoja. Watunzi Albert Hammond na Mike Hazlewood nao wakatambuliwa kuwa watunzi wenza wa "Creep", kwa sababu ya ufanano wake na "The Air That I Breathe" waliyoitunga miaka ya 1970.

Mtu anayetaka kuelewa kwa nini Radiohead wamekuwa wakikimbia mafanikio yao aanzie hapa. Walikuwa na miaka ishirini na kitu, na tayari walishajua ladha ya kufungwa ndani ya kibao chako mwenyewe. Kwa miaka mingi baadaye hawakuupiga wimbo huo jukwaani isipokuwa mara chache.

Magitaa matatu yajifunza kuachiana nafasi

Mwanzoni mwa 1994 waliingia studio ya RAK jijini London na mtayarishaji John Leckie. EMI ilitaka kibao kingine, na haraka. Wiki zikapita kwa kutafuta mlio wa gitaa na kikuza sauti kinachofaa, huku hakuna wimbo unaokamilika. Leckie aliwashauri waache kuhangaikia wimbo wa kuuza wajenge albamu. Wakaenda ziarani, wakarudi wakiwa wamezishika nyimbo mikononi kwa kuzipiga mbele za watu. "My Iron Lung", inayouzungumzia "Creep" kama mashine inayokupa pumzi huku imekufunga, ilichukuliwa kutoka onyesho la Astoria, London, la Mei 1994, sauti ya Yorke tu ikiimbwa upya.

Usiku mmoja baadhi yao walikwenda kumsikiliza Mmarekani Jeff Buckley katika ukumbi mdogo wa London, mtu aliyekuwa akisimama peke yake na gitaa na sauti inayopaa bila woga. Waliporudi studio Yorke aliimba "Fake Plastic Trees" kwa gitaa kavu, na wenzake wakajenga juu ya sauti hiyo.

The Bends ilitoka Machi 1995, ikafika nafasi ya 4 Uingereza. Hapa magitaa matatu yaliacha kupigana. Yorke alishika mdundo wa msingi, O'Brien akatandaza milio mirefu kwa vifaa vyake vya mwangwi, na Jonny akapita katikati yao kwa makali. Wakati Uingereza nzima ilikuwa ikishangilia Oasis na Blur, Radiohead walisimama pembeni na nyimbo za miili inayougua na mashine zinazoisaidia kuishi. Mwaka huo huo R.E.M. waliwachukua kuwafungulia maonyesho yao, wakaona kwa macho jinsi bendi inavyoweza kuwa kubwa bila watu wake kuharibika.

Fundi kijana aliyekuwa akimsaidia Leckie kurekodi aliitwa Nigel Godrich. Septemba 1995 alirekodi nao "Lucky" kwa saa chache tu, kwa ajili ya albamu ya kuchangia watoto wa vita vya Bosnia. Bendi ikapata mtu wake wa sita bila ya kumtangaza.

Jumba la kale na hofu ya kasi

Kwa albamu ya tatu EMI iliwapa takriban pauni 100,000 wanunue vifaa vyao. Wakafanya mazoezi katika banda lililokuwa la kuhifadhia matufaha karibu na Didcot, kisha wakahamisha mitambo hadi St Catherine's Court, jumba la kale karibu na Bath, mali ya mwigizaji Jane Seymour. Hakukuwa na saa ya kufunga studio wala mtu wa kampuni mlangoni. Sauti ya "Exit Music", wimbo walioitungia filamu ya Baz Luhrmann ya Romeo na Juliet, ilirekodiwa kwenye ngazi za mawe ili mwangwi wake uwe wa nyumba yenyewe. "Let Down" ilirekodiwa katika ukumbi wa dansi wa jumba hilo, saa tisa usiku.

Wakajaribu mambo mawili kwa pamoja. La kwanza lilikuwa kupanua utunzi. "Paranoid Android" ilianza ikiwa na zaidi ya dakika kumi, vipande vilivyounganishwa kimoja baada ya kingine, na hata baada ya kupunguzwa ilibaki na zaidi ya dakika sita. Wakaitoa hivyo hivyo kuwa singo ya kwanza ya albamu, ikafika nafasi ya 3 Uingereza. La pili lilikuwa kuigeuza bendi iwe malighafi. Kwa "Airbag" walichukua sekunde chache za dramu za Selway wakazikata na kuzipanga upya kwa kompyuta, wakifuata njia ya DJ Shadow wa Marekani anayejenga nyimbo kwa vipande vya santuri. Yorke naye alikuwa akiisikiliza sana Bitches Brew ya mwanajazi Miles Davis, akitafuta namna ya kurundika sauti mpaka zikaribie kuporomoka.

Maneno yake yaliacha kujitazama. Yalizungumzia magari yanayokwenda kasi, viwanja vya ndege, wanasiasa, ofisi, na sauti ya kompyuta inayosoma orodha ya mambo ambayo mtu mwema wa kisasa anapaswa kuyafanya. Mwaka 1997 intaneti ilikuwa bado ngeni katika nyumba nyingi, na simu za mfukoni zilikuwa za kupiga na kupokea. Anayeisikiliza OK Computer leo akiwa na simu mkononi atasikia wasiwasi anaoujua.

Capitol, kampuni dada ya Marekani, ilipoisikia ilishusha makadirio yake ya mauzo. Albamu ikaongoza chati ya Uingereza Juni 1997 na kushinda Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala mwaka uliofuata. Mwezi huo wa Juni, siku ya tarehe 28, wakawa kinara wa tamasha la Glastonbury katika matope ya mvua nyingi. Spika zinazomwezesha mwanamuziki kujisikia jukwaani ziliharibika na taa zikawapofusha wasione watu. Yorke alikaribia kuondoka, O'Brien akamshawishi abaki. Waliokuwa uwanjani hawakujua lolote la hayo, na mpaka leo onyesho hilo linatajwa miongoni mwa makubwa kabisa katika historia ya tamasha hilo.

Ziara iliyofuata ilimchosha Yorke hadi mfadhaiko. Filamu ya Grant Gee, Meeting People Is Easy ya mwaka 1998, inaonyesha mtu anayejibu maswali yale yale mji baada ya mji, macho yake yakizidi kufifia. Aliporudi nyumbani hakuweza kuandika. Kila alipoishika gitaa alisikia bendi zilizokuwa zimeanza kuiga Radiohead.

Mwaka ambao bendi ilikaribia kuvunjika

Yorke akaacha gitaa, akanunua kinanda cha nyumbani na rekodi za kampuni ya Warp, Aphex Twin na Autechre, muziki wa kompyuta usio na uso wa mwimbaji. Januari 1999 bendi ilianza kurekodi Paris, ikahamia Copenhagen, kisha kwenye jumba moja la Gloucestershire. Yorke alileta vipande visivyo na ubeti wala kiitikio. O'Brien, aliyezoea kuujaza wimbo kwa gitaa, alijikuta hana la kufanya. Selway alijiuliza nafasi ya mpiga dramu iko wapi pale mashine inapopiga. Godrich mwenyewe hakuelewa kwa nini watu waache kitu wanachokiweza kuliko wote.

Wakakubaliana jambo zito: wasipopata albamu ambayo wote watano wanaiona inafaa kutolewa, bendi itavunjwa.

Mwanzoni mwa 2000 Godrich aliwagawa katika vyumba viwili. Waliokuwa chumba kimoja walitengeneza sauti, wa chumba cha pili wakazichukua na kuzifanyia kazi, na vyombo vya kawaida vilikatazwa. Njia hiyo iliwafundisha kuachana na vyeo vya mpiga hiki na mpiga kile. O'Brien akajifunza vinanda vya umeme na mashine za kurudufu sauti. Colin na Selway wakawa watu wa kutafuta mdundo kokote ulipo, uwe kwenye ngozi ya ngoma au ndani ya kompyuta.

Jonny ndiye aliyeifungua zaidi milango. Alinunua ondes Martenot, ala ya umeme iliyobuniwa na Mfaransa Maurice Martenot mwaka 1928, ambayo alikuwa ameipenda tangu ujana wake kupitia muziki wa Olivier Messiaen. Aliandika sehemu za nyuzi za "How to Disappear Completely", na Okestra ya St John's ikazipiga ndani ya kanisa kuu la kale la Dorchester, kilomita chache kutoka Oxford. Kijana wa viola alikuwa amerudi. Kwa wimbo mwingine alimkabidhi Yorke rekodi ya dakika 50 za milio aliyoibuni papo hapo. Yorke aliisikiliza yote, akakuta kipande cha sekunde chache kilichomshtua. Ndani yake mlikuwa na sehemu ya kazi ya mtunzi Mmarekani Paul Lansky, iliyotengenezwa kwa kompyuta ya IBM mwaka 1973. Lansky akatoa ruhusa, na "Idioteque" ikazaliwa. "The National Anthem" nayo ilisimama juu ya besi ambayo Yorke aliitunga akiwa na umri wa miaka 16, ikaongezewa wapuliza tarumbeta na saksafoni waliotakiwa wapige kwa fujo ya mwanajazi Charles Mingus.

Albamu hiyo, Kid A, ilipotoka, gazeti la Melody Maker liliishambulia vikali. Baadhi ya mashabiki waliona wamesalitiwa. Lakini nyimbo zilikuwa zimeshasambaa kupitia Napster, huduma ya kubadilishana muziki mtandaoni, kabla ya siku ya mauzo, na badala ya kuyaua mauzo zilikuza hamu. Bendi ilizunguka Ulaya na hema lake lenyewe ili ipige mahali pasipo na matangazo ya makampuni. Nyimbo zilizobaki zikatoka Juni 2001 katika Amnesiac, ambayo inafunga kwa wimbo uliopigwa pamoja na mkongwe wa jazi wa Uingereza, Humphrey Lyttelton, na wapulizaji wake. Muongo ulipokwisha, Rolling Stone na Pitchfork kila moja liliitaja Kid A kuwa albamu bora ya miaka hiyo kumi.

Bei unayoitaka mwenyewe

Baada ya mateso hayo walitaka kazi ya haraka. Sehemu kubwa ya Hail to the Thief ilirekodiwa kwa wiki mbili jijini Los Angeles mwaka 2002, magitaa na kompyuta vikikaa meza moja. Ilitoka Juni 2003 na kuukamilisha mkataba wa albamu sita. Radiohead wakawa huru.

Uhuru ulikuwa mgumu kuliko walivyofikiri. Kurekodi kulikoanza mwaka 2005 hakukuenda kokote mpaka Godrich aliporudi na kuwapeleka Tottenham House, jumba lililochakaa la Wiltshire. Bila tarehe ya kampuni ya kuwasukuma, ilibidi wajifunze kujiamulia wenyewe kwamba wimbo umeisha. Wakati huohuo EMI ilinunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Terra Firma, na mazungumzo ya mkataba mpya hayakuzaa kitu.

Tarehe 1 Oktoba 2007 Jonny aliandika tangazo fupi: albamu mpya itatoka baada ya siku kumi. Tarehe 10 In Rainbows ilikuwa kwenye tovuti ya bendi, na mahali pa bei palikuwa patupu. Msikilizaji aliandika kiasi anachotaka, hata sifuri. Aliyetaka sanduku la santuri na vitabu vya picha alilipa pauni 40. Ilikuwa ni wakati makampuni yakiwashtaki vijana kwa kupakua muziki, na hapa bendi kubwa ilikuwa ikiwauliza vijana hao wanaona kazi yake ina thamani gani. Mpaka Oktoba 2008, kwa hesabu ya kampuni inayosimamia haki za nyimbo zao, nakala milioni 3 za aina zote zilikuwa zimeuzwa. Diski zilipofika madukani mwanzoni mwa 2008, watu waliokuwa wameshaipata bure bado walinunua, na albamu ikashika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani.

Mjadala wa bei ulikaribia kuufunika muziki, na hilo ni jambo la kusikitisha, maana In Rainbows ndiyo albamu yao yenye damu ya moto kuliko zote. Dramu za Selway na mashine zinapiga bega kwa bega, magitaa yanafumwa kwa vidole, na Yorke anaimba mapenzi na mauti kwa sauti ya mtu aliye karibu nawe. Mambo waliyojifunza kwa uchungu mwaka 1999 yalikuwa yamekuwa mazoea ya mkono. Ndani ya "Nude", wimbo waliouanza siku za OK Computer na kushindwa kuumaliza kwa takriban miaka kumi, besi ya Colin ndiyo inayobeba kila kitu.

Nyimbo hizo zote, kama nyingine tangu mwanzo, zimeandikwa kuwa utunzi wa Radiohead. Yorke huleta mbegu nyingi, lakini jina lake halisimami peke yake. Katika biashara ambayo fedha za utunzi zimevunja urafiki mwingi, utaratibu huo unaeleza kwa sehemu jinsi watano hawa walivyovuka miaka.

Kuachana bila kuvunjika

The King of Limbs ya Februari 2011, yenye nyimbo 8, ilijengwa kwa vipande vya sauti vinavyojirudia kupitia programu aliyoiandika Jonny. Ili kuipiga jukwaani walimwongeza mpiga dramu wa pili, Clive Deamer, aliyewahi kupiga na bendi ya Portishead. Katika ziara hiyo, tarehe 16 Juni 2012, paa la jukwaa liliporomoka Toronto saa chache kabla ya onyesho na kumuua fundi wa dramu wa bendi. Selway na wenzake waliendelea kudai majibu kwa miaka, na kesi ilipositishwa mahakamani mwaka 2017 kwa sababu ya kucheleweshwa, walilalamika hadharani.

Mei 2016 walifuta kurasa zao zote za mtandaoni, kisha wakatoa A Moon Shaped Pool, iliyorekodiwa kusini mwa Ufaransa. Wapiga fidla wa London Contemporary Orchestra walitumia vipande vya kupigia gitaa kwenye nyuzi za "Burn the Witch". Albamu inafunga kwa "True Love Waits", wimbo ambao Yorke aliuimba jukwaani mara ya kwanza mwaka 1995 kwa gitaa kavu. Miaka 21 baadaye gitaa halimo, ni piano tupu zinazopishana, na mwimbaji ni mtu mzima aliyetoka kuachana na mwenzake wa miaka zaidi ya ishirini.

Julai 2017 walipiga Tel Aviv licha ya barua ya wazi iliyowataka wafute onyesho hilo kwa ajili ya Wapalestina, Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini akiwa miongoni mwa waliosaini. Yorke alitetea uamuzi huo. Wapo mashabiki ambao hawajawasamehe, na mjadala huo umewafuata mpaka leo.

Baada ya onyesho la Philadelphia la tarehe 1 Agosti 2018 bendi ilinyamaza, wanamuziki wake hawakunyamaza. Jonny alikuwa tayari mtunzi mkubwa wa filamu tangu There Will Be Blood ya 2007, na muziki wake wa Phantom Thread na The Power of the Dog uliteuliwa kuwania Oscar. Alikuwa pia amerekodi albamu ya Junun katika ngome ya Mehrangarh, India, pamoja na wanamuziki wa Rajasthan. Yorke na Jonny waliunda The Smile na mpiga dramu Tom Skinner, wakatoa albamu tatu kati ya 2022 na 2024. O'Brien na Selway walitoa kazi zao wenyewe, na Colin akachapisha kitabu cha picha alizowapiga wenzake. Mwaka 2019 mtu aliziiba rekodi za faragha za siku za OK Computer. Badala ya kulipa fidia, waliziuza wenyewe kwa pauni 18 kwa siku 18 na kuwapa fedha hizo wanaharakati wa mazingira wa Extinction Rebellion.

Mwaka 2025 mambo yakaanza kukusanyika upya. Jumba la makumbusho la Ashmolean la Oxford lilifungua maonyesho ya michoro ya Donwood na Yorke. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1997 walikuwa wakiisambaza "Let Down" kwenye TikTok, na mwezi Agosti wimbo huo, uliorekodiwa usiku wa manane katika ukumbi wa dansi karibu na Bath, ukaingia kwa mara ya kwanza kwenye chati ya nyimbo ya Hot 100 ya Marekani. Mwezi uliofuata bendi ilitangaza maonyesho 20 katika miji mitano ya Ulaya: Madrid, Bologna, London, Copenhagen na Berlin. Tarehe 4 Novemba wote watano, sasa watu wa miaka hamsini na kitu, walipanda jukwaa la duara katikati ya ukumbi wa Madrid, wamezungukwa na watu pande zote. Albamu mpya haikuwapo. Walifungua kwa "Let Down".